Kabla Hujakatwa Matiti kwa Kinga: Namna ya Kuamua Kifua Chako Kitakavyokuwa

Asubuhi ya upasuaji, kabla hujadungwa sindano ya usingizi, daktari atakusimamisha kifua wazi na kukuchora kwa kalamu ya wino wa zambarau. Mstari wa katikati, mstari wa chini ya titi, labda duara kuzunguka chuchu. Mistari ile ndiyo uamuzi wenyewe. Ukifika pale bado unajiuliza, basi kalamu itaamua kwa niaba yako.

Mimi na dada yangu tulirithi kwa mama jeni moja yenye hitilafu, BRCA1, inayopandisha sana hatari ya saratani ya matiti. Sote wawili tulikatwa matiti hapa Nairobi, tukatoka na vifua viwili visivyofanana hata kidogo, na hakuna anayemwonea mwenzake wivu. Lakini mimi nusura nijikwae mwanzoni. Kliniki ya kwanza niliyoingia niliulizwa swali moja tu: "Unataka saizi gani?"

Saizi ni swali la mwisho. Anayekatwa kwa kinga ana kitu ambacho mwenye saratani mara nyingi hana, nacho ni muda. Hakuna uvimbe unaokukimbiza. Utumie muda huo kuelewa jambo moja: mkato wa kwanza ndio unaofungua au kufunga milango ya baadaye. Ngozi ikishatupwa hairudi, na nyama ya tumbo ikishatumika mara moja haitumiki tena.

Hatua ya 1: Soma majibu yako ya jeni, neno kwa neno

Kuna majibu ya aina tatu. Hitilafu imeonekana, hitilafu haikuonekana, au kumeonekana badiliko ambalo maana yake haijajulikana. Hili la tatu huwapata watu wa asili ya Kiafrika zaidi kuliko Wazungu, kwa sababu hazina za kumbukumbu za jeni zimejaa damu ya Ulaya kuliko yetu. Badiliko la namna hiyo pekee si sababu ya kukatwa titi. Nimekutana na mama mmojawapo kwenye foleni ya maabara akiwa ameshapanga tarehe ya upasuaji kwa karatasi iliyosema "haijajulikana". Akaniuliza neno lile lina maana gani. Nilimrudisha kwa mshauri wa jeni mbiombio.

Kwa mwenye hitilafu ya kweli, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kati ya wanawake 100 wenye BRCA1, kama 72 hupata saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 80. Kwa BRCA2, jeni ya pili ya namna hiyo, ni kama 69. Kukata matiti yote mawili hupunguza hatari hiyo kwa asilimia 90 au zaidi. Haiishi kabisa, maana chembe za titi hubaki chini ya ngozi na kuelekea kwapani. Pia upasuaji huu haugusi hatari ya saratani ya ovari. Hiyo ina mazungumzo yake na daktari wa magonjwa ya wanawake, na mwenye BRCA1 huambiwa aanze kuyawaza kati ya miaka 35 na 40.

Na kutokatwa nako ni chaguo. Wapo wanaokwenda kwa kupiga picha kila mwaka, MRI (picha ya mashine ya sumaku) na mamogramu (eksirei ya matiti), wakisubiri wamalize kuzaa au wakisubiri roho itulie.

Hatua ya 2: Picha kwanza, kisu baadaye

Piga MRI ya matiti, na mamogramu kama umri wako unaruhusu, miezi michache kabla ya upasuaji. Uvimbe mdogo ukigunduliwa, mpango wote hubadilika: huenda ukahitaji mionzi, na mionzi hukaza ngozi na kusababisha kovu gumu kukizunguka kipandikizi cha silikoni, yaani mfuko unaowekwa ndani badala ya nyama ya titi, mpaka titi linakuwa kama chungwa bichi. Hakikisha pia kwamba nyama itakayotolewa itapelekwa patholojia, maabara inayochunguza nyama ya mwili, na utapewa ripoti mkononi. Wachache hukutwa na saratani iliyokuwa imejificha pale pale.

Hatua ya 3: Amua habari ya ngozi na chuchu

Kabla ya kuuliza "nitawekewa nini", uliza "nitabakishiwa nini". Daktari anaweza kuondoa nyama ya ndani akabakiza ngozi yote na chuchu, kwa mkato unaofichwa kwenye mkunjo wa chini ya titi. Anaweza kubakiza ngozi na kuondoa chuchu. Au aondoe vyote na kukuacha na mstari mmoja kila upande.

Kubakiza chuchu hupendeza macho, ila hapa wengi hudanganywa kwa kunyamaziwa: chuchu iliyobakizwa kwa kawaida hufa ganzi. Haisikii baridi, haisikii mtoto, haisikii mume. Kifua chote huwa hivyo kwa kiasi kikubwa, na hisia zinazorudi ni chache na hazina mpango. Mimi hadi leo najimwagia chai nisijue kama ina moto. Kunyonyesha ndiyo basi, hata chuchu ikibaki.

Wenye matiti makubwa yaliyolala, chuchu iko mbali na damu inayoilisha, na hatari ya ngozi yake kufa ni kubwa. Baadhi ya madaktari hupunguza matiti kwanza, wakasubiri miezi kadhaa, ndipo wakaondoa nyama. Mwigizaji Angelina Jolie, aliyetangaza Mei 2013 kwamba amekatwa matiti kwa kinga, alianza na upasuaji mdogo nyuma ya chuchu ili kuvutia damu zaidi, kisha akakatwa wiki mbili baadaye. Watu hukumbuka picha zake kwenye zulia jekundu, hatua hiyo hawaikumbuki.

Hatua ya 4: Njia tatu, na kila moja ina bei yake

*Kifua bapa.* Naianza hii makusudi kwa sababu mara nyingi hutajwa mwisho, kwa sauti ya pole, kana kwamba ni adhabu ya wasio na pesa. Dada yangu ni fundi cherehani Kariobangi, na mabega yake ndiyo yanayolipa karo. Alisema, "Mimi nataka kisu kimoja, nipone, nirudi kwenye mashine." Alikatwa mara moja na hajarudi kwa daktari ila kwa uchunguzi wa kawaida. Baadaye alikaa jioni mbili akifumua mikunjo ya kifua kwenye magauni yake yote, akayashona upya yakamkaa kama yameumbwa naye. Akienda harusi huvaa matiti ya bandia ndani ya sidiria yenye mifuko. Akirudi huyatundika msumarini.

Ukichagua njia hii, sema waziwazi kwamba unataka kifua kilichonyooshwa na kufungwa vizuri, bila ngozi ya ziada inayoning'inia wala vifundo pembeni mwa kwapa. Wapo madaktari wanaobakiza ngozi "usije ukabadili nia". Hiyo ni nia yao, si yako. Usemi wako uandikwe kwenye faili. Ukibadili nia kweli miaka ijayo, matiti bado yanaweza kutengenezwa, ingawa kazi itakuwa ndefu kwa kuwa ngozi itahitaji kutanuliwa au kutolewa mahali pengine.

*Kipandikizi cha silikoni.* Hii ndiyo niliyoichagua. Mwenye titi dogo au la wastani na ngozi nzuri anaweza kuwekewa kipandikizi siku hiyo hiyo ya kukatwa. Wengine, mimi nikiwemo, huwekewa kwanza kipanuzi: mfuko mtupu au uliojazwa kidogo tu, wenye kidirisha cha chuma. Baada ya vidonda kupona unarudi kliniki kila wiki moja au mbili, muuguzi anatafuta kidirisha kwa sumaku, anachoma sindano na kuingiza maji ya chumvi kidogo kidogo. Sindano yenyewe sikuisikia, ganzi ina faida zake. Usiku wake ndio mtihani: kifua hukaza kama umefungwa kamba ya gunia. Baada ya miezi kadhaa unarudi chumba cha upasuaji, kipanuzi kinatolewa na kipandikizi kinaingia. Maana yake ni nusukaputi mara mbili, bili mara mbili, ruhusa ya kazini mara mbili. Na ujue vipanuzi vingi vina sumaku, kwa hiyo MRI haikaribiwi mpaka vitoke. Mweleze kila mtu wa picha, hata kama umekuja kupigwa goti.

Uliza kitakaa wapi, juu ya msuli wa kifua au chini yake. Kikiwa chini ya msuli hufunikwa vizuri, lakini ukisukuma mlango mzito au ukisonga ugali wa watu kumi, titi linarukaruka lenyewe. Kikiwa juu hakiruki, ila ngozi ikiwa nyembamba mikunjo yake huonekana. Tena huwa baridi. Asubuhi za Julai, Nairobi ikiwa na lile wingu lake la kijivu, nahisi nimeweka chupa mbili za maji ya friji ndani ya sweta.

Kipandikizi hakidumu milele. Kinaweza kupasuka kimyakimya usijue, ndiyo maana mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, hushauri picha ya ultrasaundi au MRI miaka 5 au 6 baada ya kuwekewa, kisha kila miaka 2 au 3. Ukiwekewa ukiwa na miaka 35, jihesabie kurudi mezani angalau mara moja maishani. Uliza pia kama ganda lake ni laini au lina mikwaruzo. Vile vya mikwaruzo vimehusishwa na saratani adimu ya mfumo wa kinga, na mwaka 2019 FDA iliitaka kampuni ya Allergan iondoe sokoni aina yake ya BIOCELL. Ukishawekewa, dai kadi yenye jina la kipandikizi na namba yake. Ihifadhi pale unapoweka hati ya shamba.

*Nyama ya mwili wako mwenyewe.* Daktari huchukua ngozi na mafuta ya tumbo chini ya kitovu pamoja na mishipa yake ya damu, akayahamishia kifuani na kuunganisha mishipa hiyo chini ya darubini. Titi la namna hii lina joto, linanenepa ukinenepa, na halihitaji kubadilishwa. Kwa matiti mawili kazi huweza kuchukua saa nane au zaidi. Siku ya kwanza na ya pili wauguzi hulikagua karibu kila saa, rangi na joto na mapigo, kwa sababu mshipa ukiziba, kuna saa chache tu za kuliokoa. Utabaki na kovu kutoka nyonga hadi nyonga, na wiki za mwanzo utatembea umejikunja kidogo.

Kuna namna mbili za tumbo, na tofauti yake ni kubwa. Ya kwanza huchukua mafuta na mishipa na kuuacha msuli, huitwa DIEP. Ya pili, TRAM, huchukua na msuli, na hapo tumbo huweza kulegea au kupata henia. Ukiambiwa tu "tutatumia tumbo", uliza ni ipi. Wembamba wasio na tumbo huweza kutumiwa paja. Msuli wa mgongo nao hutumika, mara nyingi pamoja na kipandikizi, lakini kwa anayefua kwa mikono au kubeba mitungi ya maji, nguvu ya bega itapungua kiasi. Pima mwenyewe.

Hatua ya 5: Usome mwili wako kabla daktari hajausoma

Vua nguo, simama mbele ya kioo, tafuta makovu ya zamani. La chanjo mkononi, la kutoboa masikio, la upasuaji wa kujifungua. Yamelala, au yamevimba na kuwasha? Hayo yaliyovimba huitwa keloidi, nazo hutupata sisi weusi zaidi, na kifua ni mojawapo ya sehemu inazozipenda. Kama unazo, mkato wa chini ya titi na mkato wa katikati ya kifua si kitu kimoja. Panga kabla ya kukatwa nani atakuchoma sindano za kulilaza kovu na utapaka nini.

Kovu la kujifungulia kwa kawaida halizuii kutumia tumbo. Kukatwa kitambi kwa urembo huzuia. Kisukari kisichotulia, uzito mkubwa na sigara huua ngozi. Acha sigara angalau wiki nne kabla, shisha ikiwemo (ndiyo, najua ilipigwa marufuku 2017, najua pia mnaipata wapi). Mwenye selimundu alitaje jambo hilo mkutano wa kwanza kabisa, maana chembe zake huweza kuziba mishipa midogo inayounganishwa.

Kama bado unataka watoto, zungumza kuhusu hilo mapema, si habari ya kutumia nyama ya tumbo tu bali na kunyonyesha, na ukweli kwamba kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi jeni hiyo.

Hatua ya 6: Waone madaktari wawili, na uwaulize maswali haya

Yule anayeondoa titi na yule anayelitengeneza mara nyingi ni watu wawili. Wanapaswa kuzungumza wao kwa wao kabla ya siku yako, kwa sababu wa kwanza ndiye anayeamua mkato upite wapi. Nairobi utawapata Kenyatta, Aga Khan, Nairobi Hospital na kwingineko. Popote uendapo, angalia jina la daktari kwenye sajili ya baraza la madaktari, KMPDC, ambayo iko mtandaoni. Dakika mbili tu. Aliyesajiliwa kama daktari wa kawaida asikuambie ni bingwa wa upasuaji wa plastiki.

Maswali niliyokwenda nayo, yameandikwa nyuma ya daftari la chama: Umefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi mwaka uliopita? Nionyeshe picha za wanawake wa rangi yangu, si za katalogi. Nionyeshe na ambazo hazikwenda vizuri. Titi likianza kubadilika rangi saa nane usiku, nani anakuja, na anatoka wapi? Kama ungekuwa hufanyi upandikizaji kabisa, ungenishauri nini?

Mmoja alicheka lile la mwisho. Mwingine alinyamaza, akafikiri, akasema, "Ningekwambia subiri mwaka." Huyo ndiye niliyemchagua.

Hatua ya 7: Pesa, kwa maandishi

Bima nyingi zikiona neno "kinga" au "kutengeneza titi" huliita urembo. Usibishane nao kwa simu. Mwombe daktari barua yenye majibu ya jeni, historia ya ukoo na sababu za kitabibu, kisha uombe idhini iliyoandikwa kabla ya kulazwa. Kwa walio na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, nenda kwenye dawati lake hospitalini uulize upasuaji wako unaingia fungu gani, na sehemu gani utalipa mwenyewe.

Bili ya hospitali uiombe ikiwa imechambuliwa: mpasuaji, mtu wa usingizi, chumba cha upasuaji, vipandikizi, wodi, patholojia. Halafu uliza bei ya mzunguko wa pili. Makadirio niliyopewa kwanza yalihusu kipanuzi peke yake, kana kwamba ningeishi nacho.

Ukifanya harambee, amua mapema utasema nini. Kadi ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, haitoki. Sisi tuliandika "upasuaji" tu, na waliotaka kujua zaidi wakapiga simu.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kukata

Hili sikuambiwa na daktari yeyote, alinifundisha dada. Wiki ya kwanza, funga kifua kwa leso pana mpaka kiwe bapa, vaa blauzi yako ya kila siku, panda matatu, nenda kanisani au msikitini, jione kwenye vioo vya maduka ya barabara ya Tom Mboya. Wiki ya pili, shona vifuko viwili, ujaze mchele nusu kilo kila kimoja, uviweke ndani ya sidiria kuanzia asubuhi hadi usiku. Kila jioni andika mstari mmoja: nini kiliniudhi leo? Mimi leso iliniliza siku ya pili. Dada yangu mchele aliutoa saa nne asubuhi akaupika.

Mume au mpenzi aone, aseme, lakini uamuzi usiwe wake. Kadhalika shangazi. Wangu wa Vihiga aliniuliza nitakataje titi zima lisilouma. Nikamwonyesha picha ya mama, miezi yake ya mwisho. Akaingia jikoni, akarudi na chai, hatukuongea tena habari hiyo.

Hatua ya 9: Panga wiki mbili za nyumbani

Utarudi na mirija ya plastiki ubavuni yenye vichupa vya kufyonza majimaji. Vimimine asubuhi na jioni, andika mililita kwa kila upande. Mirija hutolewa majimaji yakishuka kiasi, mara nyingi chini ya mililita 30 kwa saa 24, na hilo huchukua wiki moja hadi tatu. Ukioga, vining'inize kwa ule utepe wa kitambulisho cha kazi shingoni. Nguo ziwe za vifungo mbele, maana mikono haipandi juu. Mto mdogo kati ya kifua na mkanda wa gari, hasa kama njia yenu ina matuta. Mtungi wa lita 20 usiuguse mpaka daktari akuruhusu, hata ukiona foleni ya maji inakupita. Titi likivimba ghafla upande mmoja, likiwa jekundu na la moto, au ngozi ikigeuka nyeusi, piga simu usiku huo huo, usingoje kliniki ya Jumatatu.

Hatua ya 10: Asubuhi ya kalamu

Daktari akimaliza kukuchora, omba kioo. Wapo wanaoharakisha, wewe usiharakishwe. Angalia mstari umepita wapi, chuchu imezungushiwa duara au haikuzungushiwa, kisha mwambie akueleze kwa maneno yake anachokwenda kufanya. Fomu ya idhini uliyotia sahihi iseme hivyo hivyo. Kisilingane kitu, sema papo hapo. Wino wa zambarau hufutika kwa pamba na spiriti.